Kioo Kijae Chote

Waliompa jina la Kiguu hawakumwonea. Jina kamili lilikuwa Kiguu na Njia, lakini lilikuwa refu mno kwa mtu asiyesubiri kuitwa mara mbili, kwa hiyo watu wakalifupisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mabega yametangulia mwili, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako mpaka chai ikamalizika. Chai aliinywa amesimama. Siku ya kusukwa nywele, msusi ndiye aliyemfuata chumba hadi chumba na kitana mkononi. Aliolewa na dereva wa lori, na majirani wenye midomo yao walisema ndoa ile imedumu kwa sababu wenyewe hawakutani.

Kazi alizowahi kufanya, ukizitaja zote utachoka wewe, yeye hakuchoka. Aliuza mitumba mlango kwa mlango. Akafagia wodi za hospitali, akaacha wagonjwa walipolalamika kwamba anawatia kizunguzungu. Mwisho akaingia studio ya picha, na huko ndiko alikodumu kuliko kote, kwa sababu mwenye studio alimpa kisu. Kilikuwa kile kisu kirefu cha kukatia picha, chenye mpini na ubao wake, na kazi ya Kiguu ilikuwa kupunguza pembeni: ukuta, pazia, kiti kisicho na mtu. "Kata," mwenye studio alikuwa akimwambia. "Watu hawaji hapa kupigwa picha ya hewa." Neno hilo likamwingia damuni. Alikata picha za vitambulisho, za mahafali na za maharusi, na kila kipande kilichoanguka chini kilimpa raha ambayo mwenyewe hakuweza kuieleza.

Studio ilikufa kila mtu alipopata kamera mfukoni mwake. Kiguu hakulia. Alihamia kwenye simu.

Alipata kona katika duka la vifaa vya shule, karibu na mashine ya fotokopi. Mashine ile ilikuwa ya mwanamke mnene, mtulivu, aliyeitwa Mama Fotokopi, ambaye angeweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kuhamisha hata goti. Wawili hao walikuwa wakitazamana kwa mshangao kila siku. Kiguu alikuwa na kompyuta kuukuu, meza iliyotiwa kipande cha boksi chini ya mguu mmoja, sahani ya sabuni iliyojaa memori kadi, na karatasi ukutani aliyoiandika kwa mkono wake: SIMU YA ZAMANI? LETE. KIOO KINAJAA CHOTE.

Karatasi hiyo ndiyo iliyomlisha. Mji ulikuwa umejaa watu wenye simu kuukuu za vitufe ambao hawakuwa na haja ya kubadilisha: walinzi, mafundi wa ujenzi, mama zao na baba zao. Simu hizo zilikuwa na kioo kidogo kilichosimama wima, na video za siku hizi zimelala kwa upana. Ukiiweka video pana kwenye kioo chembamba, inakaa katikati kama utepe, weusi juu, weusi chini, na watu ndani yake ukubwa wa sisimizi. Na simu zile hata uzigeuze vipi, picha haigeuki nazo. Wateja walikasirika. Wamelipia video, wanapewa giza.

Kiguu alizijua njia tatu. Ya kwanza ni kuivuta video irefuke, lakini hapo watu wote wanakuwa vijiti vya ufagio. Ya pili ni kuilaza picha yenyewe ubavu kabla ya kuitia kwenye simu, ili mwenye simu naye ailaze mkononi. Hiyo ilikuwa nzuri, ila ilichukua muda mrefu kwenye kompyuta yake, na mlinzi mmoja aliwahi kumrudishia kadi akisema yeye hakununua simu ili aiuguze. Njia ya tatu ni kukata. Unaikuza video mpaka weusi uishe juu na chini, na kinachozidi kulia na kushoto unakitupa. Ukishapanga kompyuta mara moja, ni kubonyeza tu. Nani asingechagua hiyo, hasa mtu aliyelelewa na kisu? Mteja anatoka na kioo kimejaa nyuso, anacheka peke yake barabarani, na Kiguu keshamshika mwingine.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, asiyesikia tangu homa iliyompata utotoni. Alikuwa seremala, kwa hiyo watu walimwita Randa. Baba yao alifariki mapema, na watatu waliobaki, mama na wanawe wawili, walijitengenezea lugha yao ya mikono hapo hapo nyumbani, bila kufundishwa na mtu. Jirani mmbea alikuwa vidole vinavyofunguka na kufungika karibu na sikio. Kiguu alikuwa vidole viwili vinavyokimbia juu ya mkono mpaka vikapotea hewani. Mama alikuwa ishara kubwa kuliko zote: mkono ulionyooshwa kabisa pembeni na kiganja kinachopigapiga hewa mara mbili. Randa alipokuwa mdogo walilala mkeka mmoja, na kila alipozinduka gizani alinyoosha mkono na kupapasa pembeni kuhakikisha mama yake yupo. Hiyo ndiyo ikawa jina la mama.

Sasa Randa alikuwa mji wa mbali, kwenye karakana ya samani, ameoa huko, na mkewe alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Kuondoka kwake hakukuwa kuzuri. Mama alikataa katakata. Huko nani atamwelewa, alimwuliza, nani atajua akiumwa? Randa akafunga mfuko wake hata hivyo, na asubuhi ya safari mama akampa mgongo. Mtu anayesikia ukimpa mgongo bado anaweza kukuita. Randa alisimama nyuma ya mama yake muda, halafu akaenda.

Baadaye mambo yalipoa, au yalionekana kupoa. Randa alituma video kwenye simu ya Kiguu, Kiguu akaitia kwenye kadi, akaipeleka mbio kwa mama upande wa pili wa mji. Simu ya kupapasa mama alishaikataa. Alijaribu moja mwezi mzima, na kila akimgusa mwanawe shavuni kwa kidole, mwanawe anatoweka na inakuja picha ya saa. Simu yake kuukuu ilikuwa na kitufe kimoja cha katikati. Ukibonyeza, mtoto anaongea. Kulikuwa na haja gani nyingine?

Video za mwanzo zilitoka kwenye simu ya zamani ya Randa, picha za karibu mraba, na kwa mama zilienea vizuri. Kisha Randa akanunua simu mpya inayopiga picha pana. Ya kwanza ilipofika mama aliisogeza puani, akaiweka mbali, akaisogeza tena. "Namwona kama ninayechungulia chini ya mlango," alisema. Kiguu akacheka. Kama kuna ugonjwa aliokuwa na dawa yake, ni huo. Tangu siku hiyo kila video ya Randa ilipita kwenye kisu, na kioo cha mama kikajaa chote.

Na tangu siku hiyo mama akaanza kununa.

Kiguu hakuliona hilo kwa sababu hakukaa kuliona. Alifika mlangoni, akatoa shikamoo, akabadilisha kadi, akasema, "Sikai, mama, napita tu," na mama akajibu, "Nani amekuambia ukae? Mimi nilishaacha." Huo ulikuwa utani wao wa miaka. Video zenyewe Kiguu hakuzitazama. Alitazama mwanzo wake tu, kuhakikisha weusi umeisha, basi. Alijiambia ataziangalia zote siku akipata nafasi, na nafasi kwa mtu kama yeye ni kitu kinachosikika kwa wengine.

Wiki ile Randa alituma video ndefu pamoja na ujumbe wa maandishi kwa dada yake: mtoto yuko karibu, nataka mama aje akae nasi, nimemwambia yote mwenyewe. Kwa bahati lori la mume wa Kiguu lilikuwa linapita njia hiyo hiyo Ijumaa alfajiri, na kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Kiguu alipandwa na furaha. Jumatano mchana alikata video, akaitia kwenye kadi, akakata mitaa, akafika kwa mama akihema, na kwa mara ya kwanza alisubiri hapo hapo mlangoni mpaka mama amalize kutazama.

Mama alitazama. Alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha chuma, miwani imeshuka puani. Kisha akaifudikiza simu juu ya mto.

"Siendi," alisema.

"Huendi wapi?"

"Huko. Mwambie atafute yaya."

"Mama! Mkwe wako anajifungua. Mjukuu wako wa kwanza!"

"Nimeona. Njoo. Mtoto. Pika. Osha. Yote nimeona, macho yangu bado yapo." Mama alivua miwani na kuanza kuifuta kwa ncha ya khanga, akiifuta hata palipokuwa safi. "Miezi yote hii mdogo wako haniiti mama. Umewahi kuona? Hata mara moja. Ananipa habari zake kama mtu anayesoma taarifa, halafu anainua bega."

"Bega gani?"

"Bega!" Mama aliinua lake, la kulia, juu hadi sikioni. "Njoo, halafu bega. Mtoto yuko karibu, halafu bega. Kama anayesema, ukija sawa, usipokuja shauri yako. Mimi nilimpa mgongo siku moja tu, tena machozi yalikuwa yananitoka, sikutaka ayaone. Yeye ananilipa kila siku."

Kiguu alitaka kucheka, lakini uso wa mama haukuwa na mlango wa kicheko. Akajaribu kubembeleza, akajaribu kukaripia, akatembea kutoka dirishani hadi kabatini na kurudi. Alisema Randa hana kinyongo. Alisema labda mama haoni vizuri, labda picha bado ni ndogo, ataikuza zaidi. Mama akamwambia picha ni kubwa ya kutosha, matundu ya pua anayaona. Kilichokosekana si ukubwa.

"Lori linaondoka Ijumaa alfajiri," Kiguu alisema. "Hutalipata tena kabla ya mwezi. Mtoto hatasubiri lori, mama."

"Basi azaliwe salama. Nenda, si unapita tu?"

Hiyo ilimchoma. Alitoka bila kuaga, akarudi dukani roho ikiwa juu. Mama Fotokopi alimwuliza kulikoni, na Kiguu akamweleza huku akipanga memori kadi ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Wazee, alisema, vichwa vyao vya mawe. Mtu anapelekewa upendo mpaka kitandani, kioo kizima, anaona bega! Kisha, kwa hasira na mapenzi yaliyochanganyika, akaifungua ile video na kuikata tena, safari hii karibu zaidi. Uso wa Randa ukajaa kama mwezi. Kesho atampelekea huo, tuone kama ataona bega.

Alhamisi asubuhi, kabla hajatoka, aliingia mwalimu wa kwaya. Alikuwa mzee mrefu, mwenye shati lililofungwa vifungo hadi kooni, na simu yake ya vitufe alikuwa ameibeba kwa vidole viwili.

"Wewe mama," alisema, "kwaya yangu ina watu wengi. Humu nina watatu."

"Kioo si kimejaa?"

"Kimejaa, ndiyo. Sauti ya kwanza nawasikia, wako wapi? Sauti ya nne nawasikia wananguruma vizuri kabisa, wako wapi?" Akabonyeza kitufe, kwaya ikaanza, na akaisogeza simu usoni mwa Kiguu. "Hebu ona hapa pembeni. Hiki ni nini?"

Pembeni mwa kioo palikuwa na kiwiko. Kiliingia, kikatoka, kikaingia tena, bila mwenyewe.

"Kiwiko," Kiguu alisema.

"Huyo ndiye mpiga kinanda wangu! Amenisumbua mazoezini mwaka mzima, na siku ameweza, wewe umenibakizia kiwiko. Bahati yake kinanda kina sauti. Kisingekuwa na sauti, si ungesema ni mtu anajikuna mbavu?"

Mama Fotokopi alicheka mpaka mashine yake ikatikisika. Mwalimu mwenyewe alianza kutabasamu, maana aliona amesema jambo zuri. Kiguu hakucheka. Alikuwa ameganda, mkono mmoja juu ya kompyuta, mwingine hewani, na Mama Fotokopi aliacha kucheka ghafla, kwa kuwa hajawahi kumwona hivyo.

"Unaumwa?"

"Bega," Kiguu alisema.

Aliifungua video ya Randa ilivyotoka kwa mwenyewe, kabla ya kisu. Kisha akavuta ndoo iliyokuwa chini ya meza, akaifudikiza, akaikalia. Mwalimu wa kwaya alifungua mdomo akitaka kuuliza habari ya simu yake. Mama Fotokopi akamwashiria kwa kidole anyamaze.

Randa alikuwa amesimama katikati ya karakana, vumbi la mbao nyweleni, amenenepa kidogo. Kitu cha kwanza alichofanya ni kunyoosha mkono wake wa kulia pembeni, wote, mpaka ukafika karibu na ukingo wa picha, na kiganja kikapigapiga mara mbili. Mama. Njoo, Mama. Mtoto yuko karibu, Mama. Kila alipopumzisha sentensi, mkono uliondoka tena kwenda kutafuta pale pembeni, kama alivyotafuta mkekani. Alisema mkewe ni mpole ila anaogopa. Alisema kazi ya kupika na kuosha ipo, lakini ameshampata mtu wa kuifanya, Mama asiguse kitu, Mama akae tu, mtoto amwone. Neno "asiguse" alilifanya kwa mkono wa kushoto, mbali, upande ambao nao ulikuwa umetupwa. Alisema ile asubuhi ya safari aliyaona machozi kwenye kioo cha dirisha. Siku zote alijua.

Mwishoni, Kiguu akidhani amemaliza, Randa aliinua vidole viwili vikakimbia juu ya mkono wake, vikakimbia hadi mwisho wa picha, vikatoka. Yule anayekimbia, alisema, mwambie asante kwa kunileta kwako kila wiki. Mwambie nimemkumbuka.

Kiguu alizifungua video nyingine, moja baada ya nyingine, mwisho wake tu. Vidole viwili vilikuwepo katika kila moja. Miezi yote mdogo wake alikuwa akimsalimu, na salamu zenyewe alizikata kwa mkono wake, akazitupa pamoja na ukuta na pazia. Aliona aibu, tena aibu ile ya moto inayopanda hadi masikioni. Alifuta uso kwa kiganja na kumwambia mwalimu wa kwaya, "Simu yako iache. Nitakurudishia watu wako wote, ila utailaza. Ukikataa kuilaza, sichukui."

"Nitailaza hata mimi mwenyewe nikilala," mwalimu alisema, kwa sababu alikuwa mtu wa huruma na aliona hali si ya kawaida.

Aliigeuza video ya Randa ubavu na kuiagiza kompyuta ianze. Hapo ndipo adhabu ilipomfika. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo kama mtu aliyelazimishwa. Kiguu alisimama, akakaa, akasimama. Alienda mlangoni, akarudi. Alipiga magoti chini ya meza kukaza waya uliokuwa umeshakazwa. Kila alipotazama, mstari ulikuwa pale pale, na lori lilikuwa kesho, na mama alikuwa kule amefudikiza simu juu ya mto akiamini mwanawe amemfuta. Umeme ukakatika mara moja, ukarudi, kazi ikaanza upya, na Kiguu akatoa neno ambalo wanafunzi wawili waliokuja kununua kalamu walilikumbuka kwa muda mrefu.

"Kaa," Mama Fotokopi alimwambia. "Haiendi haraka kwa kuwa unaitembelea."

Akakaa. Goti lake lilicheza, lakini alikaa.

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya nyumba alipofika kwa mama. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na hakuinua macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni habari ya lori, nimeshajibu."

"Si ya lori." Kiguu alichukua simu, akabadilisha kadi, akavuta kigoda. Kwa kusikia kigoda kikiburuzwa, mama aliinua macho. "Nakuomba uitazame hii moja. Ukimaliza, ukisema huendi, sitakusumbua tena. Ila uilaze. Hivi."

"Mbona kichwa kimelala?"

"Laza simu, kitasimama."

Mama aliilaza simu mkononi, kwa shaka. Akabonyeza kitufe.

Kiguu hakutazama simu. Alimtazama mama. Aliona wakati ule mkono uliponyooka, kwa sababu mkono wa mama wenyewe uliacha ungo, ukaenda pembeni, ukagusa godoro. Punje za mchele zikamwagika. Mama hakuziona. Alitazama mpaka mwisho, akabonyeza tena, akatazama tena, midomo ikitembea bila sauti, na mara ya pili alipofika kwenye habari ya machozi na dirisha alitoa mguno mdogo, mguno wa mtu aliyetuliwa mzigo ambao alishauzoea.

"Kumbe ananiita," alisema.

"Siku zote alikuita. Mimi ndiye niliyekuwa nakata." Kiguu alisema haraka, ili yamtoke. "Picha ilikuwa pana, simu nyembamba. Nikataka ikujazie kioo chote. Nikakata pembeni, mkono ukabaki nje, likabaki bega. Sikujua, mama. Sikukaa kutazama."

Mama aliweka simu chini polepole. Ulimi wake ulikuwa wembe siku zote, na Kiguu alijikaza kuupokea.

"Miezi yote hii," mama alisema kwa hasira ya kweli. "Miezi yote nimemnunia mwanangu. Nimelala na kinyongo kitandani hapa, nimeamka nacho. Nimemwombea mabaya mkwe wangu, mtoto wa watu, nikidhani ni yeye amemfundisha. Kwa sababu wewe huna muda wa kumtazama ndugu yako mpaka mwisho!"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo, mama! Mtu anayeongea kwa mikono, unamkata mikono!"

"Ndiyo."

Mama alianza kuokota punje za mchele. Labda alikuwa na mengine ya kusema, na alikuwa na haki nayo. Lakini binti yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, na hakuonyesha dalili ya kupita. Hilo lilimshangaza mama kiasi kwamba hasira ilipoteza njia.

"Mumeo anaondoka saa ngapi?" aliuliza mwishoni.

"Alfajiri. Atakupitia hapa hapa."

"Nishushie ule mfuko juu ya kabati. Na kwanza mtumie jibu. Asikae anangoja."

Kiguu alitoa simu yake. Mama alifunga khanga upya, akajipangusa uso, akasimama mbele ya ukuta. Kama kawaida yake Kiguu alimsogelea mpaka uso na kifua cha mama vikajaa kioo.

"Rudi nyuma," mama alisema.

Akarudi hatua.

"Rudi tena. Unataka kunikata na mimi?"

Alirudi mpaka mgongo ukagota kwenye mlango wa kabati. Sasa ndani ya picha mlikuwa na mama tu katikati, amekuwa mdogo, na ukuta, na pazia, na kile kigoda kisicho na mtu. Hewa tele. Vidole vya Kiguu vilimwasha kusogea. Akaminya viwiko vyake kwenye kabati, akashika simu kwa mikono miwili.

"Tayari, mama."

Mama akageuka akampa mgongo. Kiguu aliogopa, alidhani amebadili nia. Mama alisimama hivyo, ametazama ukuta, mabega yake membamba yamenyooka chini ya khanga, kwa muda ambao Randa alisimama asubuhi ile. Kisha akageuka tena, taratibu, uso wote ukiwa umelowa, wala hakuufuta. Akaunyoosha mkono wake pembeni, wote, mpaka vidole vikakaribia kugusa pazia.

"Umeingia?" aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Umeingia, mama. Hadi vidole."

"Usitikisike basi."

Kiguu hakutikisika.